Kibao na Nazi

Tangazo la nyumba ya kulala wageni pale Diani husifu "maegesho salama, bure" kabla hata ya kutaja kitanda. Mgeni akifika hukuta kibao: gari lako, shauri yako. Kumbe usalama ulikuwa wa tangazo tu. Sheria ya Kenya kuhusu dhima ya mwenye kukalia jengo, Sura ya 34, haina mzaha huo. Inamtaka mwenye mahali awe na uangalifu wa kadiri, na onyo peke yake halimwokoi ila likimwezesha mgeni kujikinga. Sasa kibao kilichopigiliwa kwenye mnazi, na gari limeelekezwa chini ya mnazi uleule, kinamwezesha mgeni kufanya nini? Labda alale juu ya boneti akidaka nazi.

Mwenye nyumba atasema nazi ni kazi ya Mungu. Kuanguka, sawa; lakini kuachwa ikauke juu ya kioo cha mtu, ilhali mkwezi yupo mtaa wa pili, ni kazi ya ubahili. Atasema pia hawezi kulipia kila mkwaruzo, na hapo ana hoja: tumbili akirukia paa la gari, mwenyeji asiye na kosa asibebeshwe. Ila hilo neno "bure" alifute. Maegesho yamo ndani ya malipo ya usiku, kama shuka na maji ya kuoga, na bado hatujaona kibao kwamba kitanda kikivunjika, ni shauri ya mgongo.