Jinsi ya Kujiundia Piper Cub Bila Kuvunja Ndoa

Kwanza chagua ndege. Wenye busara huchagua Piper J-3 Cub, ile ya manjano yenye mstari mweusi wa radi ubavuni, kwa kuwa huko Marekani ni wengi wenye babu aliyejifunzia urubani humo, au anayedai hivyo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, kiwanda cha Lock Haven, Pennsylvania, kilipopamba moto kilikuwa kikitoa Cub moja kila baada ya dakika 20. Wewe jipangie miaka. Usitaje mingapi. Ukiulizwa nyumbani, sema "mwakani", na mwakani ukifika sema hivyo hivyo.

Pima gereji. Cub ina urefu wa karibu mita 6.8, na mabawa yake, ncha hadi ncha, ni mita 10.7. Gari litalala nje. Bawa la kwanza litakaa sebuleni nyuma ya kochi, na wageni waambiwe ni kwa muda tu.

Sanduku la vipande likifika, usikubali fundi wa kulipwa akuungie. Sheria ya Marekani inataka zaidi ya nusu ya kazi ifanywe na watu wanaojiundia kwa ajili ya elimu au burudani yao wenyewe. Basi usiku wa manane, ukiwa umelala kifudifudi chini ya meza ukitafuta nati iliyodondoka, kumbuka kwamba kwa mujibu wa serikali unaburudika.

Utamu wenyewe uko kwenye kitambaa. Zamani kilikuwa cha pamba. Siku hizi ni poliesta, inayobandikwa kwa gundi kwenye fremu kisha ikapigwa pasi ili ijikaze. Naam, pasi ya nguo. Ichukue kabatini kimya kimya. Anza na nyuzi 121 za Selsiasi, malizia na 177. Ukipitiliza sana, kitambaa kinalegea na hakikazi tena. Kikikaza sawasawa, ukikigonga kwa kidole kinalia kama ngoma. Kisha mshone: bawa limesimamishwa wima, wewe upande huu, mwenzio upande ule, sindano ndefu yenye uzi wa nta ikienda na kurudi, ikizunguka kila ubavu wa bawa, fundo baada ya fundo. Yale mazungumzo mliyoyakwepa tangu harusi mtayamaliza hapo, maana hakuna awezaye kuondoka.

Vyombo vya rubani visikuumize kichwa. Kipimo cha mafuta ni kizibo kinachoelea tangini, na waya wake umechomoza kwenye kifuniko mbele ya kioo. Waya ukishuka, na wewe shuka. Anayetaka kukuuzia skrini ya kisasa, mwonyeshe mlango.

Mwisho ni mkaguzi. Ndege lazima iandikwe kwa herufi kubwa kwamba ni ya majaribio, na ndani kuwe na kibao kinachomjulisha abiria kuwa imeundwa na mtu asiye wa kiwanda na haikidhi kanuni za usalama za ndege za kawaida. Hutabeba abiria mpaka umalize saa za majaribio, kwa kawaida 25 au 40, ukiruka peke yako kutoka kiti cha nyuma ili ndege isielemee puani. Zikiisha, kiti cha mbele ni haki ya aliyeshika sindano upande wa pili. Msomee kibao chote kwa sauti kabla hajafunga mkanda, na umnunulie pasi mpya.