Namna ya Kuishi na Mishono Mipya Bila Kuitia Mkasi Kanga

Kwanza mjue mgeni wako. Mshono mpya hauteremki stendi ya Msamvu kwa basi ukapokewa na begi lake. Unaingia kwa simu usiku, na kukipambazuka fundi wa Mji Mpya ameshaonyeshwa picha ileile na wateja watatu. Mikono ya gauni ikivimba Dar es Salaam Ijumaa, Jumatatu imevimba Morogoro. Usigombane nao. Upe kitenge, kwa maana kitenge hakikasiriki kikikatwa: leo gauni, mwakani sketi, baadaye foronya. Ila mwambie fundi aache kitambaa cha ziada ndani ya mshono. Mtindo hubadilika kila mwezi, na kiuno nacho kina ratiba yake.

Sare za harusi zilipie bila kununa. Kamati imeshaamua, rangi imeshachaguliwa, na hakuna aliyewahi kushinda hoja mbele ya mweka hazina. Wewe shona tu umbo utakaloweza kulivaa hata baada ya keki kuliwa.

Ikifika zamu ya kanga, hapo simama. Mitindo itakuambia kuwa doti ikikatwa itatoa gauni zuri sana, na ni kweli litapendeza. Lakini kanga ina pindo lililoizunguka pande zote, ina mji katikati, na ina jina. Ikipita mkasini, pindo huangukia begani, mji hugawanyika kiunoni, na jina, lile neno ulilolichagua dukani kwa dakika arobaini ukimfikiria jirani fulani, huishia kwapani. Nusu ya ujumbe haimfikii mtu.

Na kazi je? Mtazame mama anayeshuka kutoka Kinole na mkungu wa ndizi. Kanga moja ameifunga kiunoni, nyingine imembeba mtoto mgongoni. Mvua ya milima ya Uluguru, ambayo upande ule wa mashariki haingoji kualikwa, ikianza kunyesha, ile ya kiunoni inapanda kichwani. Akifika sokoni ataikunja awe na ngata, jioni ataitandika. Siku ya kumtoa mwali, kanga zinafungwa, zinatandikwa, zinatuzwa. Gauni la mikono ya puto lina kazi moja tu, na hata hiyo linaifanya mpaka mvua ianze. Namheshimu sana fundi cherehani, lakini nguo isiyokatwa ina akili ambayo hakuna mshono ulioifikia.

Utaitwa mtu wa kale. Likija neno hilo, jibu kwa historia, taratibu, huku ukifunga kilemba. Kanga nayo ilikuwa mtindo mpya. Husimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua leso za vitambaa vya mraba zikiwa bado hazijatenganishwa, wakazikata tatu tatu, wakaziunga ubavu kwa ubavu, wakapata nguo moja pana. Ile leso ya kushona ilikuwa kazi ya vipande, na bila shaka kuna bibi aliyeigunia. Baadaye wafanyabiashara wakachapa kitambaa kizima kisichohitaji kuungwa. Kaderdina Hajee Essak, aliyeanza biashara Mombasa mwaka 1887, akajulikana kwa kanga za Mali ya Abdulla. Leso zilizoungwa zilipita. Iliyobaki ni ile nguo pana waliyoitafuta, kwa sababu iliwafaa kuanzia jikoni hadi msibani. Mimi mtindo wowote naupima hivyo: uonyeshe kazi yake ya pili.

Ndiyo maana huu mshono wa sasa wa kuunga vipande vya vitenge tofauti naupokea kwa mikono miwili. Ni jamaa wa damu wa leso ile. Omba mabaki kwa fundi wako kabla hajayafagia, uunge tandiko la mtoto. Mabaki ya sare za harusi nne yanatosha kumlaza mjukuu juu ya ukoo mzima.

Sasa nenda Soko Kuu la Chifu Kingalu ukanunue doti. Morogoro ni mji wenye kiwanda cha 21st Century kinachochapa kanga na vitenge, hivyo huna sababu ya kuagiza mbali. Soma jina kabla ya kupenda rangi. Inua kitambaa kwenye mwanga. Ukiona uso wa muuzaji vizuri kupitia kanga, irudishe. Ukifika nyumbani iloweke kwenye maji, ianike kivulini, kisha ipeleke ikapindwe. Fundi atakuuliza unataka mshono gani. Mwambie mkasi upite mara moja tu, pale katikati doti inapogawanyika kanga mbili, halafu akunje zile ncha zinazofumuka nyuzi. Akikuonyesha picha kwenye simu, msifie, mlipe, uondoke na kanga zako mbili.