Kuku wa Kilo Sifuri

Mshale wa mizani haukutikisika. Ilikuwa mizani ya kuning'iniza, ya kilo 50, mali ya muuza dagaa wa sokoni Kisesa, na kwenye ndoano yake alining'inia tembe mmoja aliyefungwa kwa kipande cha khanga, kichwa nje, akiwakagua watu kwa jicho moja. Kijana mwenye mizani alikuwa ameanza vizuri: "Shikamoo, baba," na kofia akavua. Akaigonga mizani kwa kidole. Akamshusha kuku, akaikagua ndoano, akampandisha tena. Mshale palepale kwenye sifuri. "Baba," akasema, heshima ikiwa bado ipo, "labda tupime khanga kwanza?"

Waendesha bodaboda walicheka mpaka abiria wakashuka kuja kuona kulikoni. Mama wa nyanya akauliza kama nyama imeshaliwa, imebaki roho tu.

Mwandishi wa makala haya aliondoka na kuku wake kwapani. Hasira hazijapoa, na ndizo zinazoandika.

Mizani iliyomtambua ilikuwa ile ya mawe, kwenye duka la nafaka: jiwe la nusu kilo upande mmoja, tembe upande wa pili, na betri mbili kubwa za redio kufidia. Tembe wa kienyeji wa umri wake alipaswa kuikaribia kilo. Kidari kilisema hayohayo bila mizani. Kuku aliyeshiba, ukimpapasa kifuani, nyama inajaa pande zote mbili za mfupa; huyu mfupa ulisimama wazi kama mkuku wa mtumbwi uliopinduliwa ufukweni. Jirani mmoja alimshika chini ya bawa, akatikisa kichwa na kutangaza kwamba kuku ana homa kali. Joto la kuku mzima ni nyuzi 41 na ushei. Binadamu wa joto hilo angekuwa wodini na ndugu wameshapigiwa simu. Kwa kuku ndiyo afya yenyewe.

Basi aliugua nini? Kwanza aliugua wenzake. Mnorwe mmoja, Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyeanza kuwachunguza kuku tangu utotoni, alichapisha mwaka 1922 jambo ambalo kila mama mwenye banda alikuwa akiliona: kuku wana vyeo. Wa kwanza anamdonoa wa pili, wa pili anamdonoa wa tatu, hivyo hivyo hadi chini, na wa mwisho hana wa kumdonoa. Pumba zikimwagwa, wakubwa wanazizunguka, na mdogo akithubutu kuinamisha kichwa anapigwa utosini. Tembe wetu aliletwa mgeni kwenye banda lenye chotara wawili wa aina ya Kuroiler, wale wenye asili ya India, walionenepa kiasi cha kutembea kwa maringo. Kila siku alikuwepo mezani. Kula ndiko hakukuwepo.

Akatengwa chini ya tenga, jikoni, karibu na joto la mafiga. Jioni alipapaswa gole, ule mfuko wa shingoni ambao chakula hushukia kwanza. Usiku linatakiwa liwe limejaa, asubuhi liwe tupu; likiwa tupu jioni, kuku hakula, na likiwa bado gumu asubuhi, chakula kimeziba njia. Lake lilikuwa tupu saa zote.

Kuhusu chakula, ushauri ulimiminika. Hapa ni Usukumani, nchi ya pamba, na ushauri wa kwanza ulikuwa mashudu ya pamba, kwa sababu ng'ombe wanaonenepa nayo wanaonekana kwa macho. Lakini mbegu ya pamba ina sumu yake, gosipoli, ambayo mmea huitumia kujikinga na wadudu. Tumbo la ng'ombe huipunguza makali. Kuku hana tumbo hilo: gosipoli hung'ang'ania madini ya chuma mwilini mwake, na akishaanza kutaga, kiini cha yai kinaweza kugeuka rangi ya zeituni. Mashudu yakarudishwa kwa mwenyewe, naye akanuna.

Zikabaki dagaa, ambazo Ziwa Victoria linazo. Ila dagaa huvuliwa usiku kwa taa, samaki wafuate mwanga. Mbalamwezi ikishiba, taa haina maana, mitumbwi inapumzika na bei sokoni inapanda. Hivyo ndivyo mlo wa tembe mmoja wa Kisesa ulivyopangwa na mwezi. Tena dagaa za mifugo huanikwa mchangani, na mchanga unaingia kwenye kilo. Mwandishi alilipia mchanga. Faraja pekee ni kwamba kuku hana meno, na firigisi yake husaga kwa changarawe anazomeza, kwa hiyo hata ule mchanga haukupotea bure.

Sasa minyoo. Hapa ndipo uvumilivu ulipoishia.

Dukani, dawa ya minyoo ilikuwa pakiti moja tu: gramu 30, changanya na lita 20 za maji, kwa kuku 100. "Naomba ya kuku mmoja," akasema mwandishi. Muuzaji akatazama mlangoni kuona kama kuna mtu mwingine aliyesikia. "Mzee wangu, huwa hazikatwi." Bei yake ilikuwa inakaribia bei ya mgonjwa mwenyewe.

Nyumbani zikaanza hesabu. Gramu 30 kwa kuku 100 ni sehemu tatu za kumi za gramu kwa kuku mmoja, ndani ya mililita 200 za maji. Nani Kisesa ana mizani ya kuona sehemu tatu za kumi za gramu? Wanunuzi wa dhahabu. Kanda hii mizani hizo zipo, na zimeongezeka tangu masoko ya madini yalipoanza kufunguliwa mwaka 2019. Wazo la kupeleka dawa ya minyoo ya kuku mezani kwa mnunuzi wa dhahabu lilijadiliwa kwa dhati, likaachwa kwa sababu ya ile aibu ya sokoni. Ufumbuzi ukatoka kwa binti aliyewahi kufanya kazi duka la dawa baridi: yeyusha pakiti nzima kwenye lita moja, vuta mililita 10 kwa bomba la sindano lisilo na sindano, zimimine kwenye maji yaliyobaki kujaza 200. Ni hesabu nzuri mno. Maji yanakufanyia mgawanyo ambao mizani imeshindwa, na kosa dogo la macho kwenye bomba ni dogo kweli. Mwandishi aliirudia mara kadhaa bila kuku, kwa raha tu.

Kuku ananyimwa maji usiku ili asubuhi anywe yote. Alikunywa nusu. Nusu nyingine aliipindua kwa mguu, makusudi, akimtazama mwandishi usoni. Bomba likajazwa upya. Mtu mmoja ashike mabawa, mwingine afungue mdomo, matone yapite pembeni ya ulimi, polepole, maana katikati kuna tundu la pumzi na maji yakiingia humo umemzamisha kuku nchi kavu. Jioni minyoo ilitoka: myeupe, mirefu kama tambi, na kila aliyekuwa akila tambi nyumba ile aliacha.

Dozi zaidi ya tisini zilibaki. Na hapa kicheko kinakauka kidogo, maana chanjo nayo huuzwa hivyohivyo. Mdondo, ugonjwa ambao dunia inauita Newcastle kwa jina la mji wa Uingereza ulikoonekana mwaka 1926, unaweza kufagia karibu banda zima lisilochanjwa. Chanjo ya I-2 ilitengenezwa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, ikiwalenga hasa kuku wa vijijini: inavumilia joto, na ni tone moja jichoni. Walioitengeneza waliifikiria barabara nyumba isiyo na friji. Lakini vichupa vinapimwa kwa mamia ya kuku, na kikishafunguliwa hakikai. Mama mwenye kuku sita anunue dozi mia, amwage tisini na nne? Mtaalamu mmoja wa mifugo aliyepigiwa simu aliuliza kwanza, "Ng'ombe wangapi?" Alipojibiwa kuku mmoja, mtandao ukakatika. Huku mali ni ng'ombe. Kuku ni wa wanawake na watoto, mpaka siku mgeni anapobisha hodi, ndipo anapokumbukwa na baba mwenye nyumba.

Mengine yalipita haraka. Viroboto wa machoni walipakwa mafuta ya mgando wakafa. Ngoma za tamasha la Bulabo zilipoanza kule Bujora mwezi wa Juni, aligoma kula mpaka wachezaji walipochoka. Alilala juu ya redio. Alirudishwa bandani usiku, wenzake wakiwa wamesinzia kwenye vichanja, na alfajiri chotara mmoja alimdonoa. Safari hii chotara ndiye aliyedonolewa.

Majirani wa Kisesa wenye kuku watano, sita, ombi ni hili: tuchangie kichupa cha chanjo ya mdondo. Tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu, na kuku awe mzima siku hiyo. Mgonjwa asubiri apone. Leteni kuku alfajiri kabla hamjafungua mabanda, na kila mtu aje na hela yake mkononi. Dawa ya minyoo ipo bure, ila chupa za kubebea mje nazo.