Barua ya Wazi kwa Tume ya Huduma ya Walimu

Kwa Mwenyekiti na Makamishna,
Tume ya Huduma ya Walimu,
Barabara ya Kilimanjaro, Upper Hill, Nairobi.

MINTARAFU: KIJANA WETU NA KURUDIA KCSE

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu kutoka Garissa, ambako jua ni lile lile, Mto Tana uko pale pale, na mwalimu wa fizikia angali anatarajiwa.

Ninawaandikia kwa ajili ya kijana mmoja. Simtaji jina, maana wenzake wa hali hiyo ni wengi na sitaki kuwaonea. Alifanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, akapata C, ile isiyo na alama ya kujumlisha wala ya kutoa. Pointi 45. C+ inaanzia 46. Na C+, kama mnavyojua kuliko mtu yeyote nchini, ndiyo mlango wa digrii na ndio mlango wenu pia: anayetaka kufundisha sekondari sharti awe na C+ ya jumla, na C+ nyingine katika kila moja ya masomo mawili atakayofundisha. Hesabu, ambayo ndiyo anayotamani kufundisha, alipata D.

Familia imekaa kikao juu ya jambo hili. Mama yake anasema arudie. Kaka yake aliye Nairobi anasema arudie, ila asimwombe karo. Adeer wake, yaani ami yake, mtu wa ngamia asiyejua gredi ila anajua hasara, aliuliza swali moja likanyamazisha kikao: atafundishwa na nani safari hii?

Hatukuwa na jibu. Tukaona tuwaulize wenye walimu.

Kuna jambo nalisema bila mzaha. Tarehe 22 Novemba 2014 Al-Shabaab walisimamisha basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi, wakaua watu 28, wengi wao walimu waliokuwa wanaenda kwao likizo. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika chuo kikuu hapa mjini. Tarehe 13 Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, ndani ya kaunti hii hii. Mwalimu aliyeomba uhamisho baada ya hayo hatumlaumu hata kidogo. Angekuwa mwanangu ningemfungia mizigo mwenyewe. Ila mwalimu ni mtu, ana roho moja. Tume ina ofisi, bajeti na sheria, na mwaka huo wa 2020 jibu lake lilikuwa kuwaondoa kwa wingi walimu wasio wenyeji wa Garissa, Wajir na Mandera, kisha kutuachia sisi wenyewe sehemu iliyobaki ya mpango.

Walimu waliondoka, mtihani ukabaki. Najua mtihani ni wa Baraza la Mitihani, wala si wenu, lakini huku kwetu serikali yote ina sura moja. Karatasi za KCSE hufika kila mwaka, zimefungiwa kwenye kontena lenye kufuli, zikisindikizwa na polisi wenye bunduki. Novemba 2023, mvua za El Niño zilipofunika barabara ya Madogo na Garissa ikawa kisiwa, helikopta za serikali zilitumwa kupeleka mitihani kwenye maeneo yaliyokatika. Tuliangalia juu kwa fahari. Kumbe inawezekana! Kumbe swali la fizikia likitaka kumfikia mtoto, hakuna jangwa, mafuriko wala Al-Shabaab wa kulizuia. Ni jibu lake tu ambalo halijapata usafiri.

Turudi kwa kijana. Mnadhani anafanya nini wakati sisi tunajadili? Anafundisha. Shule aliyosomea, nayo siitaji, haina mwalimu wa hesabu, kwa hiyo bodi ya usimamizi, BOM, imemchukua kama mwalimu wake, kwa pesa za wazazi. Ana kidato cha tatu na cha nne. Kwa kanuni zenu hafai kuwa mwalimu, na kwa hali halisi ndiye idara nzima ya hesabu. Akijiandikisha kurudia, atafanya mtihani mmoja na wanafunzi wake. Mtihani wa majaribio alitunga mwenyewe, akaufanya mwenyewe, akajisahihisha, akapata B. Anasema mtunzi alikuwa na huruma.

Mtakumbuka mwaka 2018, Waziri wa Elimu Amina Mohamed alipotaka vyuo vya ualimu vipokee wenye D+ na C- kutoka kaunti zilizoachwa nyuma, ili tupate walimu wenyeji wasiokimbia. Mlipinga. Mkasema viwango vitashuka. Mimi nawaunga mkono. Mwalimu wa D+ angeweza kumfundisha mtoto kosa, ilhali mwalimu asiyekuwepo hana rekodi ya kukosea hata mara moja. Kwa kipimo hicho, Kaskazini Mashariki ina walimu bora kuliko eneo lingine lolote.

Kurudia sisi tunakujua, wala hatukuogopi. Mtoto wa duksi, yaani chuo cha Kurani, huandika aya kwenye loho, ubao wake, huisoma mbele ya maalim, na akikosea loho haioshwi. Kesho ataisoma tena, na keshokutwa tena, hata mwezi. Hakuna anayemcheka. Lakini maalim yuko pale, amekaa, sikio limeinama, fimbo iko magotini. Hakuna duksi niliyowahi kuiona ambako maalim amehamishwa na loho ikaambiwa iendelee.

Shida nyingine ni muda. Darasa la mwisho la mfumo wa 8-4-4 litafanya KCSE mwaka 2027, na kijana huyu hana miaka ya kuchezea. Anayerudia kwa kujitegemea hulipa ada mwenyewe, tofauti na mtahiniwa wa shule ambaye hulipiwa na serikali. Ada hiyo ingetoka kwenye mshahara wake wa BOM, ambao unatoka kwa wazazi kama adeer, ambaye ataombwa auze ngamia mmoja kwa ajili ya pointi moja. Adeer anaona bei si mbaya, ila angependa kuona pointi kwanza.

Kwa hiyo tuna ombi. Kabla kijana hajarudia, rudieni nyinyi. Tunawapa masharti yale yale ya vyuo vikuu vyetu vingi: aliyeanguka somo hufanya sapu, yaani mtihani wa marudio, na hata akipata 90, kwenye rekodi huandikwa 40, alama ya kupita tu. Leteni walimu mwaka huu, wapewe nyumba na ulinzi kama ule wa kontena, na wenyeji wasomeshwe kwa mkataba wa kubaki. Mkifanya yote hayo tutawaandikia 40. Hatutatangaza kwamba mlistahili zaidi.

Jibu lenu litufikie kabla usajili wa watahiniwa haujafungwa. Likichelewa, litieni ndani ya kontena la mitihani. Hilo hufika.

Wenu mtiifu,
Mzazi, Garissa