Bondo Kwake, Mapanki Kwako

Pale mwaloni Nansio, wawili wakichangia sangara mmoja hawagombanii minofu. Wanagombania bondo, kile kibofu cha hewa cha tumboni. Aliyeondoka na bondo kaondoka na samaki. Mwenzake kabaki na mapanki, mifupa iliyokwisha kutolewa minofu, na shombo.

Mei 2010 Waingereza, walimu wetu wa demokrasia, walipiga kura wakakosa mshindi. Bunge la viti 650: David Cameron wa Conservative 306, Gordon Brown wa Labour 258. Siku tano wanabisha hodi milangoni. Babu mmoja tuliyekuwa tukisubiri naye kivuko cha Mwanza akaniuliza, "Mjukuu wangu, msuluhishi keshatumwa?" Nikamwambia hapana, babu. Akasikitika kwelikweli. "Si wamwite Kofi Annan? Ya Kenya aliyaweza."

Aliyaweza, ndiyo: 2008 Kibaki na Raila wakagawana nusu mkate, na nusu hiyo ikalisha mawaziri wapatao 40. Zanzibar nao walijipanga mapema. Kura ya maoni ya serikali ya umoja wa kitaifa Julai 2010, uchaguzi Oktoba: Shein asilimia 50.1, Maalim Seif 49.1, na kiti cha Makamu wa Kwanza tayari kilikuwa kwenye katiba. London hata katiba ya kitabu kimoja hawana, sembuse kiti!

Basi Cameron akaungana na Nick Clegg, kiongozi wa chama cha tatu, Liberal Democrats, naye Clegg akapewa unaibu waziri mkuu. Hazina, bondo lenyewe, ikaenda kwa George Osborne, mtu wa Cameron. Mwaka 2015 viti 57 vya chama cha Clegg vikawa 8.

"Huyo," babu alisema tulipokutana tena kivukoni, akifunga kidumu chake, "alibeba mapanki akidhani minofu." Kivuko kikapiga honi.