Namna ya Kuvuka Jangwa na Maboksi Kumi ya Kitabu Chako

Kitabu kimetoka. Mama mkwe amenunua nakala, rafiki wa shule ameomba ya bure, na yule jamaa aliyeapa kununua tano amebadilisha namba ya simu. Sasa umealikwa, au umejialika kwa kulipia meza, kwenye Tamasha la Vitabu la Tucson, jimboni Arizona, linalofanyika kila Machi katika viwanja vya Chuo Kikuu cha Arizona. Wewe unaishi Los Angeles. Kati yako na wasomaji wako kuna kilomita 800 hivi, na sehemu kubwa ni jangwa. Mtu wa kawaida angekata tiketi ya ndege, akafika kabla kahawa haijampoa. Lakini wewe ni mwandishi, kwa hiyo utakwenda kwa gari-nyumba. Fuata hatua hizi.

Hatua ya 1: Tafuta udhuru wa kifasihi

Mwenza wako atauliza kwa nini. Usijibu kwa hesabu, maana hesabu haiko upande wako. Jibu kwa jina: John Steinbeck. Mwaka 1960 alipanda pikapu iliyojengewa kijumba mgongoni, akaiita Rocinante kwa jina la farasi wa Don Quixote, akampakia mbwa wake Charley, akaizunguka Marekani. Kitabu cha safari hiyo kilitoka mwaka 1962, mwaka uleule aliopata Tuzo ya Nobel. Ukifika hapo, nyamaza. Usiendelee hadi kwa mwandishi wa habari aliyefuata nyayo zake nusu karne baadaye, akaandika kwamba mzee alilala hotelini mara nyingi kuliko alivyokiri kitabuni. Habari hiyo ihifadhi moyoni. Itakufaa mgongo utakapoanza kuuma.

Hatua ya 2: Chagua gari kwa kuangalia meza

Magari haya, ambayo Wamarekani huyaita RV, hupangwa kwa herufi. A ni basi zima. B ni hiace iliyopata elimu. C ni lori dogo lenye kitanda kilichoning'inia juu ya kichwa cha dereva. Waandishi wengi hukodi C, kwa sababu A huhitaji mrabaha wa mtu mwingine.

Mwenye gari atakueleza jenereta, betri, gesi, bomba na valvu. Wewe utakuwa unaitazama meza iliyo kando ya dirisha, ukijiona unaandika huku jua likizama. Ni meza nzuri kweli. Hakuna atakayekuambia kwamba usiku hushushwa, ikalazwa mito juu yake, ikawa kitanda cha mtoto au cha mgeni, na kwamba asubuhi hakuna mwenye nguvu ya kuinyanyua tena. Utaandika ukiwa umekaa kwenye ngazi ya mlango, daftari likiwa juu ya goti.

Hatua ya 3: Amua kati ya maji na vitabu

Kitabu cha kurasa 300 chenye jalada laini hukaribia gramu 400. Boksi la nakala 40 ni kilo 16, na maboksi kumi ni kilo 160. Tangi la maji safi, likibeba lita 150, ni kilo 150. Kila gari lina kikomo cha mzigo kilichoandikwa kwenye kibandiko, na kikomo hicho huhesabu pia watu, vyakula, na ile mashine ya kahawa unayodai huwezi kuandika bila yake.

Mwenye akili zake hupunguza vitabu. Mwandishi hupunguza maji, akijitetea kwamba maji yapo njiani ila wasomaji hawapo. Basi punguza, lakini acha lita 4 za kunywa kwa kila mtu kwa siku, kiasi ambacho wasimamizi wa hifadhi za jangwani hukishauri. Kitabu kikiwa kikavu, wahakiki watavumilia. Mwili hauvumilii.

Hatua ya 4: Toka mjini kwa unyenyekevu

Ukishika barabara kuu ya I-10 kuelekea mashariki, mlango wa jangwa ni pengo la San Gorgonio, karibu na Palm Springs. Utalitambua kwa mitambo ya kufua umeme wa upepo, safu baada ya safu. Haikusimikwa pale kwa urembo. Gari lako lina kimo cha mita 3 na ubavu mpana, na upepo wa pale ukilipiga litataka kuhama njia bila kukutaarifu. Shika usukani kwa mikono miwili. Lile wazo zuri la sura ya kumi na mbili lililokujia sasa hivi, liache lipite.

Mbele ya Indio, mji ulio chini kidogo ya usawa wa bahari, barabara hupanda hadi Chiriaco Summit, mita 520 hivi juu ya bahari. Zima kiyoyozi, fungua madirisha, uangalie mshale wa joto la injini. Malori yatakupita. Wapungie mkono madereva wake. Juu kabisa simama upoze injini, utembelee makumbusho ya Jenerali George Patton, ambaye mwaka 1942 alianzisha katika eneo hili kambi za kuwazoeza askari vita vya jangwani. Tazama vifaru. Nunua kadi ya posta. Kama dukani kuna rafu ya vitabu, usiulize iwapo wanaweza kupokea chako. Jangwa lina ukatili wa kutosha.

Hatua ya 5: Poteza saa moja darajani

Ukishapita Blythe unavuka mto Colorado, na ng'ambo ni Arizona. Jimbo hilo, ukitoa ardhi ya Wanavajo, halisogezi saa zake mwaka mzima, ilhali California husogeza mbele Jumapili ya pili ya Machi. Ukivuka kabla ya Jumapili hiyo umepoteza saa moja, ukivuka baadaye hupotezi kitu. Mwaka 2024 tamasha liliangukia tarehe 9 na 10 Machi, na tarehe 10 ndiyo California ilisogeza saa zake. Simu itajirekebisha. Saa ya dashibodi itabaki California, ya jiko itabaki alikoiacha mpangaji aliyetangulia, na wewe uliyekulia kuhesabu saa tangu macheo utaongeza sita, utatoa moja, kisha utamuuliza mtu. Panga kufika kwenye mjadala wako saa moja kabla. Ukikosea, utakuwa umewahi vilevile.

Hatua ya 6: Lala Quartzsite, ujifunze biashara

Kilomita 30 hivi kutoka mtoni uko mji wa Quartzsite. Kiangazi ni kimji cha wakazi elfu mbili na kitu. Majira ya baridi hujaa wastaafu waliokimbia theluji ya kaskazini, magari-nyumba yakatanda jangwani hadi macho yanapokoma. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Serikali ya Marekani ina subira zaidi: sehemu nyingi za ardhi yake ya wazi zinakuruhusu kupiga kambi siku 14 bure.

Utadhani umepata soko. Wastaafu, muda tele, hakuna pa kwenda. Toa boksi moja, weka kiti nje, subiri. Wa kwanza atakuja, atashika kitabu chako, atatikisa kichwa kwa heshima, kisha atakueleza kuhusu kitabu anachoandika yeye. Wa pili pia. Kufikia jioni utajua kwamba nusu ya magari yale yana muswada chini ya kitanda, na kwamba wewe ndiye msomaji aliyekuwa akisubiriwa.

Ukitaka kujua kitabu huuzwaje jangwani, uliza habari za marehemu Paul Winer, aliyefariki mwaka 2019. Duka lake la vitabu, Reader's Oasis, lilikuwa papa hapa, naye aliwahudumia wateja akiwa uchi, isipokuwa kofia, vidani na kijitambaa cha kusitiri kilicho muhimu. Watu walitoka mbali. Waliingia kumshangaa, wakaona haya, wakatoka na kitabu ili ionekane walifuata kitabu. Mchapishaji wako alipokuuliza mpango wako wa masoko, ulitaja vialamisho.

Kabla ya kulala, sawazisha gari. Friji nyingi za magari haya huendeshwa kwa gesi na hazipoozi vizuri gari likiinama. Kuna vipande maalumu vya plastiki vya kuweka chini ya matairi, na vyako vimebaki Los Angeles. Usihangaike. Zile nakala za kitabu chako zina unene unaofaa kabisa.

Asubuhi peleka gari kwenye kituo cha kumwagia maji taka. Vaa glovu. Fungua kwanza tangi la choo, ndipo ufungue la sinki na bafu, ili maji ya sabuni yausuuze mpira. Ukigeuza mpangilio huo, hakuna mhariri duniani atakayekuokoa.

Hatua ya 7: Vumbi likija, kubali kusahaulika

Baada ya Phoenix barabara inageukia kusini-mashariki, na kaktasi wakubwa waitwao saguaro wanaanza kukusindikiza. Saguaro huweza kukaa miaka 50 hadi 75 kabla ya kuchipua mkono wa kwanza. Mtaje anapokuuliza mtu kitabu cha pili kinatoka lini.

Karibu na kilele cha Picacho upepo huweza kuinua vumbi likafunika barabara kwa dakika chache tu. Mamlaka za Arizona zina maelekezo yake, nayo hayana utani: toka kabisa nje ya barabara, simama, zima taa zote pamoja na zile za tahadhari, vuta breki ya mkono, ondoa mguu kwenye pedali ya breki, baki ndani umefunga mkanda. Taa zikiwaka, dereva wa nyuma atadhani ndiko iliko barabara, akufuate hadi akugonge. Wengine huona vigumu kukaa kimya gizani wakiomba asiwepo mtu yeyote anayewafuata. Wewe umekuwa na zoezi hilo tangu kitabu kitoke.

Hatua ya 8: Ingia tamashani kwa mguu

Tamasha hili lilianza mwaka 2009, halina kiingilio, na kwa siku zake mbili huvuta watu zaidi ya laki moja. Hakuna hata mmoja wao aliyekuachia nafasi ya kuegesha gari la mita 8. Liache nje ya katikati ya mji, upakie maboksi mawili kwenye kitoroli, upande tramu ya Sun Link. Abiria watakupisha kwa adabu, wakidhani umeleta vinywaji.

Mezani weka peremende. Watoto watazimaliza kwa dakika kumi, lakini dakika hizo utakuwa na foleni, na foleni ndiyo picha utakayoirusha mtandaoni. Kisha tulia upokee maswali. Vyoo viko wapi? Yule mwandishi maarufu anazungumza hema lipi? Kiti hiki kina mtu?

Na atakuja mmoja. Atainua kitabu chako, atakigeuza, atasoma maneno ya nyuma mpaka mwisho midomo ikichezacheza. Atatazama picha yako, atakutazama wewe, atarudi kwenye picha. Atafungua ukurasa wa kwanza. Wewe utashika kalamu, utajifanya unapanga vialamisho. Atakirudisha polepole, sentimita tano mbali na pale alipokitoa, aseme anazunguka kwanza, atarudi. Usimkodolee macho akiondoka. Wauza nguo wa Kariakoo wamekuwa wakiaminishwa "nitarudi" hiyo tangu hujazaliwa, na bado wanafungua maduka.

Jirani yako wa meza hajauza pia. Saa tisa alasiri mtabadilishana vitabu kwa kuhurumiana. Jirani wa upande wa pili ataona, naye ataleta chake. Jioni, kitoroli kitarudi garini kizito kuliko kilivyotoka.

Hatua ya 9: Piga hesabu mara moja tu

Kwenda na kurudi ni kilomita 1,600. Gari-nyumba la namna hii hutembea kilomita 3.4 hivi kwa lita, kwa hiyo ni lita 470. Tuseme galoni ya Kimarekani, yaani lita 3.8, ni dola 4: mafuta peke yake ni karibu dola 500. Mikataba mingi ya vitabu vya jalada laini humpa mwandishi kama asilimia 7.5 ya bei, kwa hiyo kitabu cha dola 16 kinakuletea dola 1.20. Kulipia mafuta tu, bila kukodi gari, bila kula, ingekubidi uuze nakala zaidi ya 410.

Ulibeba 400, na sita ziko chini ya matairi.

Aliyejichapishia hubaki na kingi zaidi kwa nakala, ila karatasi na wino alishavilipia kwa akiba ya ada ya mtoto. Kwa hali yoyote, mwenza wako akiuliza umeuza ngapi, usitaje namba. Sema mwitikio ulikuwa mzuri. Kisha toa risiti zote, ziandike kwenye daftari chini ya kichwa "Gharama za utafiti", kwa sababu sasa unazo kurasa tatu kuhusu upepo, mbili kuhusu wastaafu wenye miswada, na ngazi ya mlango ambayo imekuzoea. Hicho ni kitabu. Kitakuwa kinene kuliko cha kwanza, kwa hiyo mwakani ulizia bei ya gari la aina A.