Kipupwe cha dumu

Ujiji baridi haipimwi kwa kipimajoto, inapimwa kwa mawese. Ukiinamisha dumu asubuhi yakatiririka, vaa shati uende zako. Yakigoma, tafuta sweta.

Mwaka juzi nilikwenda likizo Julai kutoka Dar es Salaam, nikamkuta shangazi kajitandika sweta mbili na kitenge juu yake. Kila watalii walipopita na kaptula zao kwenda kuona pale Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, aliwasikitikia. "Watoto wa watu hawa, hata wa kuwaazima nguo hawana!"

Kwa asiyeyajua mawese, hayangoji theluji. Yakipoa kidogo tu huanza kujigawa: juu mekundu mepesi, chini uji mzito wa rangi ya chungwa. Na alfajiri ya Julai, kwa upepo ule wa kusini unaolala ziwani na kuamkia vitandani mwetu, nyuzi hushuka mpaka 18. Dumu zima linalala usingizi wa pono.

Ilikuwa Ijumaa. Nimeshavaa kanzu nyeupe ya msikitini, mapema kuliko ilivyohitajika, maana nilitaka nionekane. Shangazi akaita toka jikoni: "Baba, hebu nisogezee mawese niunge maharage."

Nikainamisha dumu la lita tano. Kimya. Nikalipindua, miguu juu. Likakohoa, likatoa tone moja lililoning'inia mdomoni kama kamasi za mtoto. Nikaingiza mpini wa mwiko. Uliingia vizuri tu, ukakataa kutoka.

"Lianike ukutani," shangazi akasema. "Saa nne litakuwa limeamka."

Lakini mimi nimesoma. Nikaliegesha dumu kando ya jiko la mkaa, nikaingia chumbani kutafuta kofia.

Niliporudi, dumu lilikuwa limepiga magoti. Ubavu wa upande wa jiko ulilegea, ukajikunja kama mzee anayetafuta miwani chini, ukapasuka. Mawese yaliyokataa kutoka kwa kubembelezwa sasa yalitoka bila kuombwa. Yakapita chini ya kigoda, yakamfikia jogoo aliyekuwa akiota moto, naye akaondoka na soksi nyekundu. Shangazi aliwahi kulivuta jiko, moto usije ukajialika. Mimi nikaruka kuliokoa dumu. Nilichookoa ni mwiko. Mengine yote yalinyweka kwenye kanzu.

Doa la mawese linacheka sabuni. Kinachoweza kulififisha ni jua, tena la siku nyingi. Jua lilelile ambalo ningelingoja mpaka saa nne.

"Nenda ziwani ukafue," shangazi akasema, akisugua sakafu kwa majivu bila kuniangalia. "Maji ya mtungi yatakuua." Ni kweli; asubuhi za kipupwe Ziwa Tanganyika lina joto kuliko hewa, ukitumbukiza mguu hutatamani kuutoa.

Njiani nikapishana na mzee mmoja wa mtaani. Nikamwamkia. Akanitazama kuanzia kifuani hadi miguuni.

"Marahaba. Mmechinja?"

"Ni mawese, mzee."

"Jikoni?"

"Jikoni."

Hakusema neno. Aliinua upindo wa kanzu yake taratibu, akanionyesha doa la rangi ya chungwa lililochakaa. "Hili," akasema, "mwaka nilipooa."